Saa Iliyorudishwa

Usiku huu wa Oktoba serikali inaturudishia saa moja.
Saa nane inafika, inasita, inageuka kuwa saa saba tena,
na mji mzima wa Greenock umelala fofofo,
hakuna wa kuipokea.

Mimi niko macho. Nimewasha taa ya jikoni,
nimepanga juu ya meza, juu ya friji, hadi kwenye zulia
mikono ishirini na sita ya mtu mmoja.

Jirani wa chini, Bwana Galbraith, mchomelea vyuma
enzi meli zikiundwa hapa. Kila tarehe mbili Januari
alipanda ngazi, akavua kofia, akaketi,
akauweka mkono wa kulia mezani kama mtu awekaye rehani.
"Chora upesi, Taimu. Chai inapoa."

Taimu! Jina langu ni Time, la bibi mzaa mama,
nimelitoa Pate nikalifikisha hapa bila kulikunja.
Siku ya kwanza benki karani alilisoma kwenye fomu,
akatabasamu, akamwita mwenzake aje aone:
kwa lugha yao mimi ni wakati.
Nikacheka nao. Sikujua kwamba ni deni.

Mkono wa kwanza: kucha nyeusi, kovu la cheche
chini ya kidole gumba, dogo kama punje ya mchele.
Wa tano una pete. Wa tisa hauna,
una mduara mweupe tu ilipokuwa.
Sikuuliza. Mkaa ndio uliouliza.

Wa kumi na nne nilikosea, niliupenda mno,
nikauchora ujana ambao ulishaondoka.
Aliutazama kitambo, akasema, "Huyu ni kaka yangu."
Hakuwa na kaka.

Wa ishirini ulianza kutetemeka.
Nikajaribu kuchora utulivu, nikashindwa,
nikachora mtetemo wenyewe, mstari juu ya mstari,
na kumbe katika yote ndio mchoro unaopumua.

Kwetu husemwa siku hazigandi.
Hapa vyote huganda: bomba, kioo cha gari, maziwa mlangoni,
shati kwenye kamba husimama wima kama shahidi.
Siku, hapana.
Siku hukatiza juu ya barafu, wala haitelezi.

Na mimi bado nasoma saa ya nyumbani,
ile inayohesabu tangu jua lichomoze.
Lakini Desemba jua la hapa ni mwajiriwa mtoro:
saa moja giza, saa mbili giza,
linaripoti karibu saa tatu, na kabla ya saa kumi linaomba ruhusa.
Ukiniuliza umri wangu mwezi ule
sijui nianze kuhesabu kutoka wapi.

Mkono wa ishirini na saba haupo.
Januari iliyopita nilichora kiti.

Sasa, katika saa hii ya bure, ndipo ninapouona
mkono mwingine, umejificha kwenye kila karatasi:
ule uliokuwa ukichora.
Tazama mstari wa kwanza unavyokimbia,
unavyokata kona, unavyojigamba.
Tazama wa ishirini na sita: unapapasa,
unashika ukuta kama anayeshuka ngazi gizani.
Miaka yote nilimkalisha mzee wa watu nimtazame akizeeka,
naye alikuwa ananitazama mimi,
chai ikipoa.

Nimeuweka wa kushoto mezani, pale pale alipouweka yeye.
Mishipa imepanda juu. Kidole cha shahada kimepinda kidogo
kama cha bibi Time alipokuwa akichagua mchele.
Haya, kaa. Tulia. Usijifanye msichana.

Saa nane imerudi mara ya pili, safari hii haigeuki.
Nimemaliza vidole vitatu.

Machi watakuja kuidai saa yao.
Watakuta vidole vitatu na kikombe.