Asilimia Hamsini

Duluth, Januari. Kioo cha duka kimeota barafu.
Bi Aune Pelkonen anaingia na mfuniko wa kopo
kaufunga kwenye gazeti kama samaki.
"Nataka hii," anasema. "Ya ukuta wa jikoni. Hii hii."

Lebo imeliwa na kutu pembe moja,
lakini herufi zinasomeka, na mimi nala kwa kusoma herufi:
D, kijani. C, manjano ya udongo. B, nyeusi ya masizi.
Y ni aunsi nzima, na namba inayoifuata
ni vipande vya aunsi iliyokatwa arobaini na nane.
D, Y moja na sita.
C, ishirini na saba.
B, kumi na tano.

Wateja hudhani rangi ni jina.
Hulitamka kaunta kama wanamwulizia jamaa yao.
Mashine haimjui jamaa huyo.
Inajua matone.

Na matone hayalingani, hilo nimejifunza kwa kuharibu makopo ya watu.
Manjano ya udongo ni mpole:
mwage, kosea, atakusamehe.
Kijani hiki kina meno.
Tone moja ndani ya galoni nyeupe
na nyumba nzima imepata habari.
Nyeusi sisemi. Nyeusi humiminwa kwa pumzi iliyozuiwa.

Nafungua daftari la zamani, natafuta "Msonobari wa Novemba":
D, Y mbili na kumi na mbili.
C, Y moja na sita.
B, thelathini.
Narudi kwenye mfuniko. Nakwangua kutu kwa ukucha,
na chini yake, maandishi madogo kama chawa:
50%.

"Bi Aune, hii ilikuwa nusu."
"Nusu kopo?"
"Kopo zima. Nusu ya nguvu."

Nyuma yangu mashine inatikisa galoni la mtu mwingine,
inagongagonga kama mgeni asiyefunguliwa.

"Nilikichagua kile kikaratasi mwenyewe," anasema.
"Nikakibandika kwenye friji.
Nilitoka zamu ya usiku, dobi la hospitali,
nikakuta ukuta umepauka. Nikasema, Reino, siyo hii.
Brashi bado iko mkononi. Akasema,
ni mwanga wa ziwa huo, ngoja kiangazi.
Nikangoja."

Viangazi ishirini na sita, nahesabu. Sisemi.

Heri nusu shari, wanasema, kuliko shari kamili;
labda naye marehemu aliwaza hivyo,
dirisha dogo, ukuta wa jirani karibu,
akaogopa jikoni litakuwa shimo.
Nilitaka kumtetea. Nilitaka kumweleza mjane
kwamba nusu ya wino si nusu ya rangi,
jicho halihesabu kama mashine,
hata hiyo nusu ilikuwa kijani,
ilikuwa kijani kabisa.

Badala yake nikauliza, "Kamili, au nusu?"

Akaushika mfuniko, akaugeuza upande wa ndani,
ule ambao haukuona jua wala mvuke wa viazi.
"Galoni la nusu. Jikoni nimelizoea.
Na kopo dogo la kamili."
"La wapi?"
"Ndani ya kabati la sahani. Nalifungua mimi tu."

Nikachanganya yote mawili. Nikapaka tone juu ya kila kopo,
nikalipuliza kwa kikaushio cha nywele,
maana rangi mbichi ni mwongo.
Tukangoja. La pili likazidi kuzama, likazidi,
mpaka Bi Aune akavua miwani.

Mlangoni akageuka, upepo ukaingia na theluji yake.
"Hiyo lebo ya dogo," akasema, "andika mia kwa mia.
Andika kubwa. Na usiiweke pembeni."