Kisima cha Wakfu, Langoni

Kijiti hakizidi njiti mbili za kibiriti.
Mwishoni kina doa jeusi la kaboni,
na juu ya doa, shaba; si shaba ya sufuria,
si ya kugonga ikalia,
bali vumbi lake: panga chembe elfu moja
na bado hujafika unene wa unywele.

Nimeunganisha waya na simu.
Bi Somoe ameteka mwenyewe, kamba yake haniamini nayo,
akamimina kikombeni maji yaliyotakata
hadi nikaliona ua lililochorwa chini, na ufa wake.
"Mai haya," akasema, "hayajamkataa mtu."

Kweli, ni matamu.
Sharubati ya kila harusi ya mtaa ilitoka hapa,
na mdomo wa kisima una mifereji ya kamba
inayomeza vidole vyangu vinne.
Babu yake, Bwana Mshamu, alikichimba akakiweka wakfu:
kila anywaye, thawabu humfuata kaburini.

Mimi nilihesabu hatua.
Tisa, kutoka kisimani hadi shimo la choo.
Nyuma ya ukuta, nyumba ya wageni, vyoo sita,
na mchanga wetu haujui kuweka siri.

Nikagusa kioo. Volti zikateremka
kama mtu ashukaye ngazi gizani, akipapasa ukuta.
Mstari ukaenda bapa, bapa,
nikaanza kuuomba, naam, mimi wa maabara, ubaki hivyo.
Ukazama. Ukachimba kisima chake humo kiooni.
Nitrati: mia na kumi na nane kwa lita.
Mpaka ni hamsini.

Kijiti kipya. Mia na kumi na sita.

"Sisi wakubwa, labda. Lakini mtoto wa Zubeda,
anayekorogewa maziwa ya unga..."
Sikumaliza. Alikwisha kuutazama mlango wa jirani.

Kisha akauliza jambo lisilo na kipimo:
"Na yeye? Zitakatika?"
Nilijua ni thawabu. Nikakunja waya,
nikaukunjua, nikaukunja tena.

Akaifungua kamba ndooni, akaizungusha begani.
"Andika namba," akasema. "Jina lake liache."
Akaenda kubisha kwa Zubeda, viatu hakuvaa.

Kikombe kimebaki juu ya jiwe, kimejaa.
Natafuta pa kuyamwaga,
na kila ninapotazama, chini ni mchanga.