Tabaka la Nane

Fundi Shekuwe haanzi kwa nyundo.
Huweka kiganja ukutani, akasikiliza
kama mkunga aliyeitwa usiku wa manane.
"Ukuta huu una njaa. Mara ya mwisho mliupa chokaa lini?"

Mama ndiye angejua.
Nyumba ilikuwa yake, alipewa na mamake siku ya arusi,
naye mamake na mamake,
wanaume wakiingia na kutoka kama wageni wa sabule.

Huku Mkomani, ukipita chini ya wikio, daka letu halikuambii kitu.
Tekani inapinda kwanza, inasitiri mambo ya watu,
ndipo kiwanda kikufungulie mbingu
ya kadiri ya mikeka miwili.
Birikani visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu.
Havijui bei ya nyumba.

Jana alikuja mnunuzi. Taa yake nyekundu ikapima ndani:
"Pembamba mno," akasema,
kana kwamba boriti ya mkoko hurefuka ikiombwa.
Nyumba kati akaiuliza kama ni stoo.
Nikanyamaza. Pale ndipo tulipomwosha Mama, mwezi wa Rajabu,
maji yakashika mfereji uleule
yalikopita maji ya kuzaliwa kwangu.

Shekuwe achomoa kisu, akwangua ubavu wa kidaka cha chini
(sahani za kale zilishauzwa, imebaki chaja ya simu).
Chokaa chabanduka ganda kwa ganda, kama kitunguu.
"Hili, arusi." Akwangua. "Hili, arusi."
Nyumba haikupakwa ila kwa kungojwa bwana arusi.
La tatu lina masizi ya koroboi.
La nne jembamba, bila shaka mahari yalikuwa haba.
La tano lina ubuluu kidogo. Nani huyo aliyetia nili?
Nani aliyechoka na weupe?

Saba. Kisha lipu ya kwanza,
na ndani yake alama ya gumba
ambayo mwiko uliisahau.
Shekuwe aweka lake. Haliingii.
Naweka langu.
Ananitazama, haulizi. Gumba langu halitaki kutoka.

Adhuhuri akoroga chokaa uani, mikono myeupe hadi viwikoni.
"Haya, nani anaolewa?"
Nina miaka hamsini na miwili.
"Hakuna," nasema. "Paka.
Na utie nili."