Ukurasa wa 112

Alikuja na mvua, kama kila mtu Tukuyu,
daftari kalificha kifuani, ndani ya koti la sufu
lisilojua utomvu wa ndizi.
"Binti, unachapa?"
Nachapa: barua za kuomba kazi,
hati za kuuziana mashamba, ratiba za mazishi.
"Basi chapa na msiba huu," akasema,
akacheka peke yake.

Mzee Anyosisye Mwakitalima.
Baba yake aliifuata shaba Katanga, akamzaa huko;
mapadri wakamvisha Kifaransa kama sare ya shule:
mwanzo inabana,
mwisho hukumbuki ulivyokuwa bila hiyo.
Tamthilia tisa. Riwaya nne.
Moja ilipata tuzo, tuzo ikalipa kodi ya nyumba.
Katikati, ili ale, alitafsiri vikaratasi vya dawa za minyoo.
"Nimeandika *kutwa mara mbili baada ya chakula*
kuliko nilivyowahi kuandika *nakupenda*."

Sasa anajitafsiri mwenyewe.
Anasema ni kama kujinyoa gizani.

Miezi miwili.
Umeme ukikatika ananisomea kwa sauti ya chini,
sentensi zisipoe.
Siku moja tuligombana juu ya ukungu.
Kule, alisema, anao wa aina mbili,
wa kuficha na wa kupita.
Nikamwambia, sisi tunao mmoja tu, mzee,
ila huo unakuja kila siku.

Halafu ukurasa wa 112.
Mwana amerudi kutoka mbali,
mama yuko mkekani, wameshamwosha.
Kwa Kifaransa mwana anasema: *Bonjuu, mama.*
Brussels, ukumbi ulikohoa.
Akaandika *Habari za asubuhi*. Akakata.
Akaandika *Shikamoo*. Akakata:
"Nani ataitikia marahaba?"
Nikauliza, nyumbani mlimwamkiaje?
Kalamu ikasimama.
"*Ugonile, juba.*"
Umelala, mama?
Nikaichapa hivyo hivyo.
Kompyuta ikaipigia mstari mwekundu,
tukauacha.

Jumamosi, ukumbi wa parokia,
mvua juu ya bati ikitaka kuigiza nayo.
Fundi baiskeli aliyecheza mwana akapiga magoti:
"Ugonile, juba."
Na kutoka mabenchi ya nyuma,
walikoketi akina mama wa sokoni na vikapu vyao miguuni,
kabla hawajafikiri, kwa adabu tu,
kwa sababu salamu haiachwi hewani:
"Ndaga."
Wote.

Nilimtafuta mzee kando ya pazia.
Alikuwa ameshika ukuta.

Jumatatu akarudi, koti halijakauka.
"Mia na kumi na mbili. Ongeza mstari."
Nikaongeza:
UKUMBI: *Ndaga.*
"Huo si wangu," akasema, "lakini uchape."
Ukurasa mmoja, shilingi mia tano.
Akadai risiti.