Rangi ya Waridi

Saa mbili usiku, Nizwa. Chuo kimefunga milango
isipokuwa huu wetu, ghorofa ya pili:
mimi, friji inayokoroma,
na sahani ya plastiki yenye visima tisini na sita,
kimoja hakitoshi hata chozi.

Humo wamo walinzi wa ubongo.
Seli za panya tu, si za mtu,
lakini nazo zikitishwa hupandwa na mori.
Jana nilizitisha mwenyewe kwa ganda la bakteria,
kiasi cha kuzifanya ziichome nyumba zinayoilinda.
Kisha nikazipa dawa.

Jaada ya Jabal Akhdar. Muhanna kaichuma kwa mkono,
kanishushia gunia toka kwenye pikapu,
vumbi mpaka kopeni:
"Rayya, mbuzi wameniachia hii tu."
Nikaianika kivulini, nikaisaga, nikailoweka kwenye spiriti
siku saba, nikaichuja, nikaikausha,
ikabaki lami ya kijani, gramu tatu,
chungu hata kwa kuinusa.

Kipimo chetu ni rangi. Penye uvimbe
maji hugeuka waridi,
waridi lile lile la mashamba ya juu kule
ambalo watu hupanda mlima mwezi wa nne kulipiga picha.
Hapa hakuna anayelitaka.

Safu ya kwanza, isiyopewa kitu: waridi tupu.
Safu ya tano, yenye dawa nyingi: maji ya falaji.
Meupe. Matulivu.
Nikapiga kigelegele peke yangu,
mtu mzima, na glavu mkononi.

Nikampigia mama. Nyuma ya sauti yake
nikasikia kijiko: Ghalib, kaka yangu, anakoroga chai,
ataikoroga mpaka ipoe. Ndivyo alivyo tangu miaka tisa,
tangu homa ile iliyoingia kichwani wiki ya Idi
ikatoka na maneno yake yote.
Wageni humsifu: kijana wenu mtulivu!
Mama hujibu ahsante.
Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Chake hakina. Nimekisikiliza miaka ishirini na mbili.

Basi sikufunga daftari.
Kipo kipimo cha pili, cha njano:
seli iliyo hai huila njano ikaigeuza zambarau,
iliyokufa huiacha kama ilivyo.
Nikangoja mpaka saa sita,
tende tatu, kahawa imepoa, ukutani mjusi.

Safu ya tano: njano.
Njano visima vyote vinane.
Hazikutulia. Nimeziua.
Moto nimeuzima kwa kuwazika wenye nyumba.

Nimeliandika hilo kwa kalamu, bila kulipamba.
Ndipo nikaiona safu ya pili,
tone dogo nililotia ili tu mstari ukamilike:
waridi bado, ila limepauka
kama kanga iliyofuliwa mara kumi,
na zambarau, zambarau yote, kisima kwa kisima.
Asilimia kumi na moja.
Huenda ni mkono wangu ulitetemeka. Huenda ni joto.
Si kitu mpaka kirudiwe mara tatu.

Gunia lina majani ya wiki mbili.
Simu imewaka, mama:
Kaka yako kalala. Dawa yako imefanyaje?
Nimeandika kidogo,
nikafuta,
nikaandika kesho narudia.