Saba na Thelathini na Tisa

Kompyuta ndiyo iliyopiga kura.
Si daktari, si sisi,
wala si Mungu wa lile kanisa la mbao
tulikobatizwa wote wawili, majira mamoja ya baridi.
Wewe, Torvald, ukaangukia saba.
Mimi, thelathini na tisa.

Ulicheka. "Saba tu! Hata lori langu la magogo
hukaa gereji zaidi ya hapo."
Nikahesabu vidole vya mikono, vikaniishia,
nikavua soksi.

Daktari Lindmo alituchorea kwenye bahasha kuukuu:
huyu atanyweshwa kwa kijiko, yule kwa bakuli.
Tunachotaka kujua, alisema,
ni kama bakuli linamwagika.

Walinipanda punje tatu za dhahabu kwenye tezi
ili mashine ijue pa kulenga.
Baba alichekecha mchanga wa mto Vindel miaka ishirini
asipate hata chembe.
Laiti angeniona.

Basi kila asubuhi, pale Umeå,
glasi tatu za maji, kibofu kijae,
suruali magotini, miguu kwenye povu la plastiki,
na sauti ya binti mdogo nyuma ya kioo:
"Usitikisike, Halvar."
Nilitikisika siku moja tu. Nilipiga chafya.

Ijumaa basi la saa tatu hadi nyumbani,
Jumapili basi lile lile kurudi.
Gunvor alikata tarehe kwenye kalenda ya benki kwa kalamu nyekundu,
wiki ya tano kalamu ikakauka
akaendelea kwa penseli.
Uchovu ulinivaa kama ovaroli iliyolowa.

Wewe ulikuwa umeshamaliza zamani,
unapasua kuni.
Hivyo ndivyo nilivyodhani,
mpaka uliponipigia simu saa nane usiku:
"Niko chooni, mara ya sita. Kunachoma, Halvar.
Saba zangu zimefika zote pamoja
kama wageni wa matanga, na wote wanataka kula."

Sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo.
Zangu zilikuja mmoja mmoja,
zikabisha hodi, zikakaa zaidi.
Haraka haina baraka, niliwaza;
lakini tumbo langu nalo lilikuwa na methali yake
kuhusu ngoja ngoja,
na halikuisema kwa mafumbo.

Hosteli ya wagonjwa, kitanda cha dirishani, alilala Nila.
Naye kura ilimpa thelathini na tisa.
Alinifundisha kucheza karata kwa kuiba,
akanionyesha picha za kulungu wake wa kaskazini
jinsi wengine wanavyoonyesha wajukuu.
Aprili ikaja. Theluji ikaanza kulainika.
Siku ya ishirini na mbili alikunja blanketi lake vizuri mno.
"Majike wanaelekea milimani kuzaa," alisema.
"Hawajui kuhesabu mpaka thelathini na tisa."
Nikamwambia arudi. Akasema atarudi.
Yule binti wa nyuma ya kioo aliita jina lake
asubuhi tatu mfululizo.

Miaka sita imepita. Barua imekuja juzi:
katika kuizuia saratani, makundi mawili yamekwenda sambamba;
waliopewa bakuli waliungua zaidi mwanzoni,
kisha mizani ikatulia.
Ukaisoma mara mbili, ukanirudishia,
ukauliza kama kahawa ipo.

Nami nilikuwa nahesabu tena.
Thelathini na tisa toa saba.
Si kwa ajili yangu; mimi nilikuwa na Gunvor, penseli, basi.
Siku ya saba Nila alikuwa bado ananidai
kroni kumi na moja za karata.
Angeweza kumaliza na kuondoka
na hata mto ungali umeganda.
Nimemwandikia mara mbili.
Huko juu posta hufika inapotaka.

Jana, tukitoka sauna, tulisimama nyuma ya banda,
wazee wawili, mvuke ukitutoka mabegani,
tukakojoa kwenye theluji
polepole, kwa vituo, bila kuzungumza.
Nilikuchungulia. Ulinichungulia.
Hakuna aliyemaliza kwanza.