Chai Kavu

Nesi wa Kitete alisema bila kuinua macho:
"Sukari uache, mzee. Na asali pia."
Na asali pia!
Mimi, mtoto wa mizinga ya Sikonge,
niliyeramba sega kabla sijaota meno ya mbele,
mimi ambaye kijiko kilisimama wima katika chai yangu.

Siku ya kwanza nilikunywa maji ya moto yenye hasira.
Ya pili niliyamwagia mchaichai uani,
nikamdanganya Nyanzobe kuwa nimemaliza.
Ya tano nilikoroga kikombe kisicho na cha kukorogwa,
kling, kling, kling,
angalau masikio yapate haki yao.

Sikushinda kitu. Naomba hilo lieleweke.
Hapakuwa na asubuhi niliyoamka shujaa.
Palikuwa na kikombe tu, saa kumi na mbili,
treni ya Mpanda ikipiga honi stesheni
(au ikichelewa, ndiyo desturi yake)
na kesho yake kikombe kingine,
na kingine,
kama watu wanavyokatiza uwanja ule ule kwenda Isevya
mpaka majani yanakata tamaa
na ardhi inakubali kuitwa njia.

Juzi mjukuu wangu Kalunde,
kwa huruma ya miaka saba,
alinitilia vijiko viwili kwa siri.
Nikapiga funda.
Ulimi ukanywea kama konokono aliyeguswa pembe.
Nikajiuliza, ni nani huyu
aliyehamia kinywani mwangu bila kupiga hodi,
anayeukataa urithi wa baba yangu?
Na kibaya zaidi:
niliitamani ile chungu.
Niliitamani kweli, kama mtu anavyotamani kwao.

Tumezoea kusema moyo hupenda, mguu ukafuata.
Mimi nimeona mguu ukitangulia,
moyo ukija nyuma unahema,
na ulipofika ukaapa
kwamba safari ilikuwa shauri lake tangu mwanzo.

Ila mkono huu wa kulia bado haujapata habari.
Kila alfajiri hupanda wenyewe hadi juu ya kabati,
hulishika kopo la asali,
hulipima uzito,
hulirudisha.
Nyanzobe huona.
Zamani alikuwa akilificha nyuma ya debe la mchele.
Siku hizi hulifuta vumbi tu,
akaliacha pale pale mkono unapolitafuta.